Kopo la Stevia Kutoka Kimwani

Kimwani, Muleba
8 Septemba 2024

Klaudia mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, ingawa nakujua, huketi. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya mume wako hushikwa na kambi nzima, na mambo ya tumbo la mwanamke si ya kusikilizwa na wavuvi wa dagaa. Limi ameniahidi kukukabidhi mkononi atakaporudi huko kisiwani Bumbire kuchukua mzigo wake. Mama yule siku hizi anabeba samaki akija huku na barua zangu akirudi huko, wala hanung'uniki.

Mumeo Joackim ameniambia kwamba una miezi mitano, na kwamba kliniki wamekukuta na sukari ya mimba. Habari ya kwanza nimeipokea nikiwa nimepiga magoti. Ya pili isikutie hofu. Mimi mwenyewe nina sukari na bado nalima migomba yangu.

Katika mzigo huu kuna kopo. Ndani yake kuna majani ya stevia, ule mmea ambao wifi yako Renatha aliniletea miche nikaipanda nyuma ya jiko. Nimeyakausha kivulini kwa mikono yangu. Tia majani matatu kwenye kikombe, chai itakuwa tamu kuliko ya sukari na kipimo chako hakitapanda. Sukari ya dukani iache kabisa. Kunywa asubuhi na jioni, usikose.

Ya nyuma sitayasema. Huyu tutamwona.

Mama mkwe wako,
Immakulata


Bumbire
15 Septemba 2024

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Limi amefika salama na kopo nimelipokea. Ahsante sana, Mama, kwa kunikumbuka. Majani ni matamu kama ulivyosema. Nayanywa asubuhi na jioni.

Juzi nilivuka kwenda kupima, sukari imeshuka kidogo. Muuguzi aliniambia nipunguze ugali na ndizi, nile dagaa na mboga, na nitembee. Kutembea hapa ni kuzunguka mawe, lakini nazunguka.

Joackim anakusalimu. Ana nyavu za kushona.

Mkweo,
Klaudia


Kimwani
6 Oktoba 2024

Renatha,

Barua hii nimempa konda wa basi, ameifunga pamoja na mkungu wa ndizi zako. Isome peke yako, wasiione wapangaji wenzako hapo Kashai.

Leo tulikuwa na jumuiya nyumbani kwa Mama Kristofa. Baada ya sala nikasifia majani yangu, unajua mdomo wangu. Nikasema kwamba hata mkwe wangu aliye mjamzito nimemtumia. Mama Kristofa akaweka kikombe chini. Akasema mpwa wake amesoma kwenye simu kwamba kuna nchi ya mbali ambako wanawake walikuwa wanachemsha majani hayohayo ili wasishike mimba. Nikaaga nikarudi nyumbani kukuandikia.

Mwanangu, Klaudia amekwisha kupoteza mimba mbili. Hii ya tatu inakaribia miezi sita, na ni mimi niliyemwandikia anywe asubuhi na jioni, asikose. Naye ni mtiifu, aliniambia anakunywa. Hesabu mwenyewe ni vikombe vingapi mpaka leo. Ikitokea kitu, nitamwambia nini Joackim? Nitamwambia nini Mungu, kwamba nilitaka chai iwe tamu?

Wewe uko duka la dawa, madaktari wanapita mbele yako kila siku. Uliza aliyesoma, si mwenye simu. Na usimwambie ndugu yako neno. Klaudia nimemwandikia aache majani, lakini sababu sikumpa. Mwanamke mwenye hofu tumboni usimwongezee.

Tangu mchana chakula hakipiti.

Mama yako,
Immakulata


Kimwani
6 Oktoba 2024

Klaudia,

Acha yale majani mara moja. Nimegundua yaliingia ukungu. Usimpe mtu mwingine. Mrudishie Limi kopo lote kama lilivyo, aniletee.

Ukiona maumivu yoyote, hata madogo, vuka uende hospitali, usisubiri.

Immakulata


Bumbire
13 Oktoba 2024

Wifi Renatha,

Habari za Bukoba? Sijawahi kukuandikia, kwa hiyo utajua kwamba jambo limenizidi.

Mama amenitumia majani ya stevia kwa ajili ya sukari yangu. Nilimwandikia kwamba nayanywa. Sijayanywa. Hata jani moja halijaingia kinywani mwangu, kopo liko chini ya kitanda nyuma ya maboya, na kila asubuhi nakunywa chai kavu, isiyo na utamu wowote, huku nikijiona mwongo.

Nitakueleza kwa nini, na unisamehe. Wewe umekulia hukohuko, unajua mambo yetu. Anayekupa kinywaji anakionja kwanza mbele yako. Baba yangu hakumpa mgeni rubisi, pombe yetu ya ndizi, hata siku moja bila kumeza funda la kwanza yeye. Na kitu kikisafiri, mwenyewe anakionja mbele ya mbebaji, ili mbebaji akifika aseme kimeonjwa.

Mwaka juzi, nikiwa na mimba ya pili, Mama aliniletea dumu la omuramba, maji ya ndizi mbivu ambayo hayajachachuka, na Limi ndiye aliyebeba. Nilimuuliza Limi kama limeonjwa. Akasema, "Mama hakuonja, alifunga kifuniko tu." Limi ni Msukuma, kwake halikuwa jambo. Mimi niliona haya kukataa kitu cha mama mkwe, nikanywa. Siku ya tatu mimba ikatoka.

Sikumwambia mtu. Sikumshtaki Mama hata moyoni, au nilijitahidi. Lakini tangu siku ile kitu chake kikivuka ziwa mkono wangu unakataa.

Sasa ameandika kwamba majani yana ukungu, nimrudishie kopo lote. Nimeyamwaga juani, Limi akayaangalia na mimi nikayaangalia. Ni makavu, ya kijani, hayana ukungu popote. Sasa anataka nini na kopo? Kwa nini anataja maumivu?

Niambie ukweli, wifi. Ndani ya majani yale kuna nini?

Klaudia


Kashai, Bukoba
19 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, kula. Hujala najua, na vidonge vyako vya sukari huwezi kuvimeza juu ya tumbo tupu. Nitasubiri.

Umekula? Haya.

Nimeuliza waliosoma. Kwanza daktari wa kina mama, nilimkamata hapa dukani, kisha mtaalamu wa lishe wa kliniki ya sukari, ambaye kwake nilikaa foleni kama mgonjwa. Wote wawili wamesema mamoja.

Habari ya Mama Kristofa ina mkia mrefu. Zamani sana watafiti waliwanywesha panya maji ya stevia yaliyochemshwa mazito, mazito kiasi ambacho mtu hatii kwenye kikombe, wakasema panya hao walizaa kidogo. Wengine wakarudia jaribio hilo baadaye na hawakuona kitu. Utamu wa stevia uliosafishwa, ule unaouzwa unga au vidonge, umepimwa miaka mingi. Haupandishi sukari ya damu, una kiasi chake cha siku kulingana na uzito wa mtu, na mjamzito akikaa ndani ya kiasi hicho hawaoni hatari. Mimi nauza unga huo hapa, ila nawaambia wateja wasome karatasi, maana baadhi huchanganywa na sukari nyingine na mtu anajidanganya.

Majani mabichi au makavu kama yako ni jambo lingine, nami sitakuficha. Hayo hayajachunguzwa vya kutosha, kwa hiyo wataalamu hawayapitishi kuwa kitamu cha kila siku. Daktari hakusema ni sumu. Alisema hatujui vya kutosha, na kwa mjamzito kitu usichokijua vya kutosha unakiacha, hasa ukizingatia kwamba chai kavu haijamdhuru mtu. Nilimuuliza kwa macho makavu: majani matatu kwenye kikombe, mara mbili kwa siku, wiki nne, yanaweza kutoa mimba? Akasema hakuna ushahidi wowote wa hilo, na kwamba kinachomtisha yeye ni sukari isiyotunzwa. Hiyo ndiyo humsumbua mtoto tumboni. Akasema pia, na hili nimelikalia siku nzima, kwamba inawezekana sukari ya Klaudia ilikuwepo mimba zilizopita bila mtu kupima. Hakuna anayeweza kuapa, lakini inawezekana.

Na wewe, stevia inatia utamu tu, haitibu. Nikisikia umeacha vidonge kwa sababu ya mmea wa nyuma ya jiko, nitapanda basi nije niung'oe.

Hujaua mtu, Mama. Kwa jambo jingine lililobaki, utaandikiwa na anayehusika.

Renatha


Kashai
19 Oktoba 2024

Wifi Klaudia,

Barua yako ilifika Jumatano. Ya Mama ilikuwa imefika kabla yake, imefungwa na mkungu wa ndizi. Nimekaa na zote mbili mezani, nikaona watu wawili wanaogopa kopo moja kutoka pande mbili, na kila mmoja anamficha mwenzake.

Siwezi kubeba siri yako na yake pamoja, mgongo wangu si wa punda. Kwa hiyo nimefanya kitu ambacho Mama hatanisamehe mpaka Pasaka: nimekuwekea humu barua yake. Isome. Kisha soma nakala ya majibu niliyompa, ujue ndani ya majani kuna nini.

Hasira ninayo, sitakudanganya, maana huyo unayemshuku ndiye aliyenizaa. Lakini kuhusu lile dumu sina jibu. Mama kutokuonja omuramba wake mwenyewe, hata mimi sielewi. Muulize yeye.

Endelea na chai kavu. Umefanya lililo sawa kwa sababu isiyo sawa.

Renatha


Bumbire
3 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara tatu, mbili nimewashia jiko.

Sikunywa majani yako. Hata kikombe kimoja. Nilikuandikia uongo kwa sababu kukataa kitu chako ni kukuvunjia heshima, na kukinywa nilishindwa. Nilishindwa tangu lile dumu la omuramba la mwaka juzi, ambalo lilikuja bila kuonjwa, na mimba ikatoka. Mama, nilikuogopa. Nimeishi na hofu hiyo miaka miwili huku nikikuandikia shikamoo.

Renatha amenionyesha barua yako. Usimkaripie. Niliposoma kwamba chakula hakipiti, niliketi juu ya mawe pale mwaloni, boti zinaposhushia samaki, nikalia mpaka Limi akaja kuniuliza kama maumivu yameanza. Hayajaanza. Mtoto anacheza, anapiga teke sana asubuhi. Sukari yangu wiki hii imekaa mahali muuguzi anapotaka.

Kopo silirudishi, maana halijai tena. Joackim alilikuta nyuma ya maboya. Tangu sukari iondoke nyumbani alikuwa analalamika, basi amekuwa akitia majani kwenye chai yake bila kuniambia. Nilipomsomea habari ya Mama Kristofa alifikiri kidogo, akasema, "Basi mimi sitashika mimba mwaka huu."

Nisamehe, Mama. Lakini pia niambie. Kwa nini hukuonja?

Klaudia


Kimwani
10 Novemba 2024

Klaudia mwanangu,

Barua yako nilipewa na Limi shambani, nikaisomea hapohapo chini ya migomba na jembe begani. Nilipofika pale unaposema hata kikombe kimoja, nilicheka kwa sauti. Limi akadhani nimechanganyikiwa. Kisha nikalia. Kisha nikaingia ndani nikala viazi vyote vya jana na maharage, tangu Oktoba sijala hivyo. Sikujua kama mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa kutoaminiwa. Mimi nimemshukuru.

Halafu jioni ikaniuma. Nitasema wazi kwa kuwa wewe umesema wazi. Imeniuma sana. Niliwabeba wale wawili waliopotea katika sala zangu kila asubuhi, na kumbe huko ng'ambo nilikuwa mchawi.

Lakini nilipokaa nikafikiri vizuri, waitu, mwanangu, kosa nimelikuta mlangoni kwangu. Umeuliza kwa nini sikuonja. Nitakujibu, na hili Renatha mwenyewe halijui. Mwaka juzi mwezi wa saba niliambiwa na daktari kwamba nina sukari. Aliniambia omuramba ni sumu kwangu, tena alitumia neno hilo. Nilirudi nyumbani sikumwambia mtu. Nilificha mwaka mzima. Niliona haya, mjane mwenye shamba, watu waanze kusema Immakulata amekwisha. Nilipokukamulia lile dumu mikono yangu ilikuwa imelowa utamu mpaka kwenye viwiko, na sikulamba hata kidole. Niliogopa. Limi alisimama pale ananitazama, nikafunga kifuniko haraka nisije nikaulizwa.

Ndiyo maana halikuonjwa. Nilikuwa naficha ugonjwa, nawe ukaona naficha sumu. Na ule uongo wa ukungu nao ni wangu, nimelirudia kosa lilelile kwa nia njema. Tumekuwa waongo wawili wenye adabu.

Mtoto huyu hatazaliwa kisiwani, sukari hiyo inahitaji hospitali. Mwezi ujao nakuja kukuchukua. Ndiyo, nakuja, mimi nisiyepanda hata mtumbwi wa kuvuka mto.

Mama yako,
Immakulata


Bumbire
8 Desemba 2024

Renatha,

Nimefika. Boti ilinitapisha kila kitu nilichokula tangu ubatizo. Limi alinishika kiuno njia nzima huku akinieleza bei za dagaa, nadhani ili nisife.

Wifi yako ana tumbo zuri, la juu. Nilipoingia ndani sikuketi. Nilimwambia Klaudia aweke birika, nikachukua majani matatu yaliyobaki kwenye kopo, nikayatia kwenye kikombe, nikamwita Joackim na Limi wasimame waone. Nikanywa funda la kwanza, nikameza. Nikamwambia, "Kimeonjwa. Usinywe, daktari amekataza. Nilitaka uone tu."

Akachukua kikombe akachovya ncha ya ulimi. Akasema polepole, kwa heshima zote, "Mama, si kitamu. Kina uchungu fulani mwishoni."

Renatha, mwanangu, nilimkumbatia. Nimeyanywa majani haya zaidi ya mwaka kwa sababu wewe uliyaleta kutoka Bukoba kwa furaha na sikutaka kukuvunja moyo. Mimi pia siyapendi. Yana ladha ya mzizi wa dawa. Sasa nimesema.

Tunavuka Jumanne. Omba ziwa litulie.

Mama


Kimwani
9 Machi 2025

Wifi Renatha,

Ahsante kwa nguo za mtoto, zote zimemfaa ila kofia, kichwa chake ni cha ukoo wenu. Ana wiki nane leo. Nakuandikia akiwa amelala mgongoni kwa Mama, ambaye amekataa kumshusha tangu misa.

Pale hospitali, Kemilembe alipozaliwa, walimchoma kisigino wakapima sukari yake kabla hata sijamshika. Mama alisimama mlangoni akiwa na rozari mkononi, lakini hasali, anamtazama muuguzi tu. Muuguzi akasema iko sawa. Mama akaketi chini kabisa sakafuni, na hakuna aliyemwinua mpaka alipotaka mwenyewe.

Juzi tulienda kliniki, mimi na yeye, vitabu viwili mkononi. Nimepimwa upya. Sukari ya mimba imeondoka. Wameniambia nipime kila mwaka maana inaweza kurudi, lakini kwa sasa niko huru. Yake pia imeshuka, anakunywa chai kavu na vidonge vyake hakosi. Mmea wako bado upo nyuma ya jiko, kuku wanalala chini yake.

Tuliporudi, Mama aliweka kitabu chake cha kliniki mezani kwa Mama Kristofa na kuwasomea wanajumuiya wote namba zake kwa sauti. Ya siku ya kwanza na ya sasa. Hakuna aliyesema amekwisha.

Jana aliamka mapema akaenda kutoa ndizi kwenye shimo la kuivishia. Alizikamua kwa nyasi mwenyewe, hakutaka msaada, mikono ikilowa mpaka viwiko. Akajaza kikombe kimoja kidogo, maana kwangu pia wamesema kiasi. Limi alikuwa amefika na mzigo, amesimama uani. Mama akachukua kijiko cha chai, akachovya, akanitazama mimi na si Limi, akakitia kinywani. Alikaa nacho muda mrefu kabla ya kumeza. Ni miaka mitatu hajaonja omuramba.

Akasema, "Kimeonjwa."

Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa chote.

Wifi yako,
Klaudia